Kioo cha rangi ni kizuri, lakini upepo utapita wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa, hapa Mtwara mjini. Kigango chetu kinajiandaa kuwa parokia na tunajenga kanisa jipya la watu 600. Kuta zimefika usawa wa linta. Mlango mkuu uko mashariki, upande wa barabara, na altare iko magharibi. Mwenzetu mmoja anayeishi Dar amejitolea kulipia dirisha kubwa la kioo cha rangi nyuma ya altare, upana mita 3 na kimo mita 4, lenye picha ya Yesu Mfufuka. Baadhi ya wajumbe wanataka na madirisha ya pembeni, 10 kila upande, yawe ya kioo cha rangi kisichofunguka, kama walivyoona kwenye makanisa ya kisasa. Wazee wanasema tutaungua. Fundi naye anasema tubandike stika tu, ni nafuu. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba, Mama Katibu. Hongereni kwa kufika linta. Umeuliza wakati unaofaa, kwa sababu zege likishamwagwa na kenchi zikapanda, ushauri wangu mwingi ungekuwa wa kubomoa, na anayeshauri kubomoa kanisa hapendwi na mhazini wala na paroko.

Nianze na wazee wenu. Wanasema mtaungua, na wako sahihi, ila naona wanalilaumu jua peke yake. Tupige hesabu kidogo. Dirisha la nyuma ya altare lina mita za mraba 12 na linatazama magharibi. Jua la saa kumi jioni, siku isiyo na mawingu, linaweza kuupiga ukuta wa magharibi kwa wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Tukisema nusu tu ya joto hilo ndiyo inayopenya kioo, mmewasha pasi tatu au nne za umeme nyuma ya padre. Si kidogo. Lakini mtu mzima aliyetulia kwenye benchi, hata asipofumbua mdomo, mwili wake unatoa joto la wati 100 hivi. Watu 600 ni wati 60,000. Hizo ni pasi 60, na kwaya bado haijasimama.

Joto kubwa la kanisani, basi, tunaingia nalo wenyewe mlangoni, na dawa yake ni hewa kupita. Kioo kisichofunguka kinatuponza hapo: jua kinaloliingiza ni dogo kuliko upepo kinaouzuia. Ili hewa ya ndani isiizidi ya nje kwa zaidi ya nyuzi 3, kanisa lenu linahitaji kupitisha karibu mita za ujazo 17 za hewa kila sekunde. Upepo wa taratibu, unaopenya kwa nusu mita kwa sekunde, utahitaji nafasi wazi za mita za mraba 34 upande wa kuingilia, na nyingine kama hizo upande wa kutokea. Sasa chukua madirisha yenu 10 ya upande mmoja, tuseme kila moja lina upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 2. Jumla ni 36. Yakiwa ya aluminiamu ya kusukuma, nusu tu ndiyo hufunguka: 18. Yakiwa ya kioo cha rangi kilichogandishwa: sifuri.

Najua kuna mjumbe atasema tutafunga feni. Feni inaizungusha hewa ileile iliyokwisha kuchoka, na umeme ukikatika katikati ya mahubiri hata mzunguko huo hamna.

Mambo haya sikuyatoa kitabuni. Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilichora kanisa dogo, mahali fulani huku kusini pwani, nikaliwekea kioo kikubwa cha rangi upande wa magharibi, nyuma ya altare. Siku ya kutabarukiwa watu walilia kwa uzuri wake. Wiki chache baada ya Pasaka katekista akanitumia picha kwa simu, bila neno lolote la chini. Ilikuwa picha ya mshumaa wa Pasaka. Kanisa lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, na jua la jioni likaukuta mshumaa umesimama kwenye kinara chake. Ulikuwa umeinama, kichwa kimekaribia sakafu, kama bibi anayetafuta sindano. Leo dirisha lile limefunikwa kwa pazia zito rangi ya maziwa, na ukitaka kuiona kazi yangu inabidi uzunguke nje nyuma ya sakristia.

Kuna kosa jingine kwenye lile dirisha, nalo nililigundua nilipokwenda kusali pale kama muumini wa kawaida, benchi la nyuma. Sikuweza kuuona uso wa padre. Nyuma yake kulikuwa na mwanga mkali na mbele yake kivuli, kwa hiyo alikuwa mtu mweusi asiye na macho wala mdomo, anayenyanyua mikono. Wengi wetu tunasikiliza nusu kwa masikio na nusu kwa kuitazama midomo ya msemaji, na wazee waliopungukiwa na usikivu wanaitegemea midomo zaidi. Mwanga wa nyuma ya msemaji unawaibia Neno.

Jambo hili halikuwa tatizo zamani, na sababu yake iko kwenye liturujia. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, altare iliegemezwa ukutani na padre alisali akitazama kule tunakotazama sisi. Hakuna aliyehitaji kumwona uso. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, ilitaka waumini washiriki kwa utambuzi na kwa matendo, na katika miaka iliyofuata altare zikavutwa mbele, padre akageuka. Kioo kikabaki palepale. Dirisha la nyuma ya altare lilimfaa padre aliyetupa mgongo. Nadhani ndugu yenu wa Dar amekaa mara nyingi pale kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, akavipenda vile vioo vya nyuma ya altare kuu. Ni vizuri kweli. Lakini kanisa lile lilijengwa kati ya 1897 na 1902, kwa liturujia ya wakati ule. Ninyi mnajengea Misa ya leo.

Zawadi yake msiikatae. Ihamisheni.

Huko Coventry, Uingereza, kanisa kuu liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1940, na jipya, lililochorwa na Basil Spence, likawekwa wakfu mwaka 1962. Dirisha lake linalokumbukwa kuliko yote liko kwenye sehemu ya ubatizo. Lina paneli 195, kazi ya John Piper na Patrick Reyntiens, na rangi zake zinakusanyika kuelekea katikati kwenye doa kubwa la njano na nyeupe, kama jua linalojitokeza. Chini yake kisima cha ubatizo ni jiwe kubwa lisilochongwa upande wa nje, lililoletwa kutoka karibu na Bethlehemu. Waumini hawakodolei macho dirisha hilo wakati wote wa ibada. Wanalikuta wakiingia, na wanalikumbuka siku ya kubatiza mtoto.

Kwenu mlango uko mashariki. Jengeni chumba kidogo cha ubatizo kando ya mlango mkuu, kichomoze nje ya ukuta, na dirisha la Yesu Mfufuka liwe humo, likipokea jua la asubuhi. Mada yenyewe inapaomba mahali hapo: Warumi sura ya 6 inauunganisha ubatizo na ufufuko. Misa ya saa moja waumini watakuwa wamelipa mgongo, rangi zitaanguka sakafuni na mabegani mwa wanaochelewa. Ila lisiwe juu ya mlango, kwenye mstari ulionyooka na altare. Saa moja asubuhi jua bado liko chini sana, na paroko akisimama kwenye mimbari anatazama mashariki. Hamtaki asome Injili amekunja uso kama mvuvi. Na mita 3 kwa 4 ni kubwa mno kwa chumba hicho. Mita 1.5 kwa 3 inatosha, na fedha itakayobaki ninayo kazi nayo.

Kazi hiyo ni kuta za pembeni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko kanisa lenu litakakopona au kufa.

Kiwanja chenu kina bahati. Altare ikiwa magharibi na mlango mashariki, kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Kusi ikivuma inaupiga ukuta wa kusini kwa pembe, kaskazi ikiingia inaupiga ule mwingine. Hata jua liko upande wenu. Mtwara tuko kwenye nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la utosi tunalipata mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 21 Februari na tarehe 20 Oktoba. Kati ya Oktoba na Februari jua la mchana linaegemea kusini kidogo tu. Miezi mingine yote linakaa kaskazini, na mwezi Juni ndipo linaposhuka zaidi. Hata hivyo, saa sita mchana ya Juni, paa lililotoka nje mita 1.2 linatia kivuli mita 1.8 za ukuta wa kaskazini kutoka juu. Ukuta wa magharibi hauna paa la kuuokoa. Jua la jioni linaingia limelala.

Sasa, kioo cha rangi bila kuziba upepo. Watu wengi wanafikiri ni lazima uchague kimoja. Mwaka 1923, nje kidogo ya Paris, mbunifu Auguste Perret alimaliza kanisa la Notre-Dame du Raincy. Lilikuwa kanisa la watu wasio na fedha nyingi, kwa hiyo alitumia zege tupu, na kuta zake si kuta hasa: ni wavu wa vipande vya zege vilivyofyatuliwa kwenye kalibu, vyenye matundu ya maumbo machache yanayojirudia, na kila tundu lina kioo cha rangi. Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Haya ni matofali ya maua! Yaleyale tunayoyaweka kwenye ngazi za nyumba za ghorofa na kwenye kuta za shule, ambayo fundi yeyote wa Mtwara mwenye kalibu anayafyatua uani kwake. Perret alilazimika kuziba matundu yote kwa sababu ya baridi ya Ufaransa. Sisi hatulazimiki. Tunaziba tunayotaka, tunaacha tunayotaka.

Pendekezo langu ni hili. Chini ya linta, kila upande, geuzeni nafasi nne kati ya zile 10 ziwe milango ya mbao ya kufunguka mara mbili, mita 2 kwa 2.4, inayotokea kwenye baraza. Hiyo ni mita za mraba 19 wazi kabisa. Nafasi sita zilizobaki zijazwe matofali ya maua yasiyo na kioo. Yakiwa na uwazi wa asilimia 45 hivi, mnapata karibu 10 nyingine. Juu ya linta ndipo rangi ikae, safu tatu au nne za matofali yenye kioo kila tundu, chini ya kivuli cha paa. Na juu kabisa, chini ya kenchi, acheni safu moja wazi ili hewa ya moto itoke. Jumlisha: tumekaribia zile 34. Baraza, nalo, likiwa na upana wa mita 2, linazuia mvua ya Desemba hadi Aprili inayokuja imelala na upepo, na linabeba watu wa Krismasi na Pasaka wasiopata nafasi ndani. Safu ile ya juu ifungeni wavu wa waya. Popo wa hapa hawaogopi Injili.

Mwulizeni fundi kalibu ya tofali nene, sentimita 15 au zaidi, na matundu yaliyopanuka kuelekea ndani. Hili nimelichukua Ronchamp, Ufaransa, kwenye kanisa la Le Corbusier la mwaka 1955. Ukuta wake wa kusini ni mnene sana, na madirisha yake ni matundu ya ukubwa tofauti, mengine madogo kwa nje na mapana kwa ndani kama tarumbeta. Kioo chenyewe ni kidogo, ila mwanga unapakaa kwenye kingo za tundu zilizopakwa chokaa, na rangi inaonekana kubwa kuliko kioo. Kipande cha kioo ukubwa wa kiganja kinawasha tundu zima. Kwa mhazini hiyo ni habari njema.

Tahadhari moja ya kifundi. Fundi asiweke kioo kwenye kalibu kisha akamwagia zege juu yake. Saruji na kioo hazipatani kwenye unyevu, na zege linaponywea linakibana kioo mpaka kinapasuka. Tofali lifyatuliwe likiwa na kijingazi pembeni mwa tundu, likaushwe wiki nne, ndipo kioo kikae juu ya kijingazi kwa silikoni. Na silikoni yenyewe muinuse kabla ya kununua katoni. Inayonuka siki haifai kwenye saruji, inabanduka, na inakula madini ya risasi na chuma. Itafuteni isiyo na harufu hiyo. Ndani ya matofali hayo msitie vipande vya nondo. Hewa yetu ina chumvi, nondo ikishika kutu inavimba, na tofali linafunguka kama korosho iliyobanguliwa vibaya.

Kuhusu rangi nitasema machache, maana kila mtu ana macho yake. Henri Matisse, kwenye kanisa dogo la Rozari huko Vence, alilolifanyia kazi kati ya 1948 na 1951, alitumia rangi tatu tu kwenye vioo: njano, kijani na buluu. Kuta ni nyeupe. Mchana rangi za vioo zinahamia kwenye vigae, na ukuta mtupu unakuwa picha inayotembea. Tatu zinatosha. Rangi kumi na mbili kwenye ukuta mmoja zinafanana na duka la vitenge, na mimi napenda duka la vitenge, lakini si wakati wa mageuzo. Ukuta wa kaskazini unaopata jua zaidi wekeni buluu na kijani kilichokolea. Wa kusini wekeni njano na rangi ya asali, zinazopitisha mwanga mwingi. Kule Barcelona, kwenye Sagrada Família, buluu na kijani vimewekwa upande wa asubuhi, nyekundu na chungwa upande wa jioni, na watalii wanapiga picha hadi simu zinaisha chaji. Kwa chumba chenu cha ubatizo ningeifuata ile ya asubuhi, inaendana na maji. Ile ya jioni ningeiacha hukohuko. Saa kumi na moja jioni Mtwara hakuna anayehitaji kuongezewa moto.

Sasa stika. Fundi wenu anasema ni nafuu, na ni kweli kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Rangi ya stika ni wino juu ya plastiki, na jua la pwani linaula wino. Nimeona Moyo Mtakatifu uliokuwa mwekundu umegeuka waridi, kisha rangi ya chai ya maziwa, na mapovu kwenye paji la uso wa Mama Maria kama mtoto mwenye tetekuwanga. Tena stika nzito inakifanya kioo kinywe joto katikati huku kingo zikiwa kivulini ndani ya fremu, na kioo cha kawaida hakivumilii tofauti hiyo. Kinapasuka chenyewe mchana wa jua kali na mlinzi anaulizwa nani katupa jiwe.

Kioo cha rangi halisi kinapata rangi tanuruni. Kobalti inatoa buluu, shaba inatoa kijani au nyekundu kutegemea moto ulivyo, chuma kinatoa kijani, manganizi inatoa zambarau. Ndiyo maana buluu ya Chartres, Ufaransa, ya karne ya 12 na 13, bado ni buluu. Muuzaji akikuletea sampuli, usiitazame usoni. Itazame ukingoni, pale ilipokatwa. Rangi ikiwa imejaa unene wote, au imekaa kama utando wa kioo ulioyeyukia juu ya kioo kingine, kama inavyokuwa mara nyingi kwa nyekundu, ni mali. Ikiwa ukingo ni mweupe na juu kuna kitu kinachokwanguka kwa kucha, mrudishie. Kwa sura ya Yesu, mikono na mikunjo ya vazi, fundi wa vioo hupaka rangi maalumu ya unga wa kioo na oksidi ya chuma, kisha anaichoma tena kwenye joto la nyuzi 600 na kitu. Mwulizeni: umechoma? Isiyochomwa itaoshwa na mvua mbili.

Dirisha la ubatizo likiwa la vipande vilivyoshikwa na kanda za risasi, msikubali paneli moja kubwa. Risasi ni laini, na joto letu linailegeza kila siku, hivyo paneli kubwa inaanza kutoa tumbo. Mimi sivuki mita moja ya mraba kwa paneli. Zipangwe juu ya fremu ya chuma kisichoshika kutu, kila moja ikibeba uzito wake. Kwa nje wekeni wavu wa chuma hichohicho, umbali wa kiganja. Wajumbe watasema wavu unaharibu sura. Kama karibu na kanisa kuna mwembe, subirini Novemba mtanielewa.

Limebaki ukuta wa nyuma ya altare, na najua utaniuliza: tuuache mtupu? Kabla hamjajibu, kamati nzima pandeni bajaji mwende Majengo, kanisa la Mtakatifu Paulo. Ukuta wote wa mbele na wa pembeni umejaa picha za Biblia alizozichora Padre Polykarp Uehlein, Mbenediktini Mjerumani, kazi iliyomchukua kama miaka miwili. Amechora pia Nyangao, Lindi na kwingineko huku kusini. Kaeni pale dakika 20 bila kuongea. Rangi zimejaa kanisa zima na hakuna hata tundu moja la upepo lililozibwa kwa ajili yake. Mwanga uko mbele ya picha, uko mbele ya padre, uso unaonekana. Nashangaa tunavyotafuta katalogi kutoka mbali wakati somo liko dakika chache kwa bajaji. Yesu Mfufuka wenu anaweza kuwa wa rangi ukutani, au akachongwa. Mchongaji wa Kimakonde amezoea kutoa watu wengi kwenye gogo moja, kila mmoja akimshika mwenzake. Mpeni ukuta wa altare na somo la Ufufuko mwone atakachofanya.

Nina tamaa yangu moja, si lazima mnisikilize. Ibaraki, karibu na Osaka, Japani, kuna kanisa dogo la zege la mwaka 1989, kazi ya Tadao Ando. Ukuta wa mbele umepasuliwa kwa ufa mwembamba wa msalaba, kutoka juu hadi chini na kutoka kushoto hadi kulia, na mwanga unaingia kwa msalaba huo. Ando alitaka ufa ubaki bila kioo, upepo uingie. Baridi ikamshinda, wakaweka kioo. Hapa Mtwara baridi haipo! Mnaweza kuupasua ukuta wa magharibi kwa msalaba wa upana wa kiganja, bila kioo, kisha mita moja nyuma yake mkajenga ukuta mwingine uliopakwa chokaa na kufunikwa juu ili mvua na jua vinase hapo. Mwanga utakaofika ndani utakuwa umegonga chokaa kwanza, mpole, usiomfuta padre uso, na hewa itapita nyuma ya altare. Mhandisi wa jengo aione michoro kabla, maana ufa huo unakata ukuta vipande vinne na lazima vishikwe kwa nguzo.

Kama fedha haitoshi, na sijaona kamati ambayo fedha ilitosha, anzeni na paa, baraza na milango. Matofali ya juu ya linta yajengwe yote na vijingazi vyake, matundu yakiwa wazi, na kila jumuiya inunue vioo vyake safu kwa safu hata kwa miaka 10. Tundu lisilojengwa leo kesho ni kubomoa. Kioo kinaweza kusubiri mavuno ya korosho.

Jumapili hii fanyeni jaribio. Saa moja asubuhi, na tena saa kumi na moja jioni, mwambieni kijana mmoja wa kwaya asimame pale altare itakapokuwa, asome somo lolote bila kipaza sauti. Mtu mwingine akae nyuma kabisa, karibu na mlango, ampige picha kwa simu, mara ya kwanza uwazi wa ukuta wa magharibi ukiwa kama ulivyo, mara ya pili mkiwa mmeuziba kwa turubai. Mwoneni uso wake kwenye picha zote nne, nitumieni na mimi. Msitumie flashi.